Maisha ya Pili ya Lori Kuukuu

Lori huzeeka upesi kuliko dereva wake. Mashimo ya barabara, vumbi, matope na mizigo ipitayo kiasi hulila kidogo kidogo, hata siku moja gharama ya kulitengeneza ikapita bei yake lenyewe. Hapo husukumwa kando ya karakana, na watu wa namna mbili huja kulitazama. Wa kwanza huona uzito: chuma cha kupimwa kwa mizani na kuuzwa kwa kilo. Wa pili huona umbo: katika rimu huona meza, katika gia huona saa ya ukutani, katika boneti huona pambo la sebule, na katika springi huona miguu ya kiti. Historia ya mabaki ya magari kugeuzwa samani na mapambo ni historia ya mashindano ya macho haya mawili. Si mashindano madogo, kwa kuwa chini yake limelala swali ambalo kila taifa lenye viwanda au lisilo navyo hulazimika kulijibu: kitu kilichokwisha kazi yake kinastahili nini?

Afrika ya Mashariki ililijibu swali hili kabla ya lori la kwanza kuteremshwa bandarini. Uchunguzi uliofanywa Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, ukatangazwa mwaka 1978, ulionyesha kuwa mafundi wa huko waliyeyusha mawe ya chuma na kupata chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Chuma cha namna hiyo kilipatikana kwa makaa mengi na kwa jasho jingi, na kwa hiyo hakikutupwa. Jembe lililolika lilirudishwa motoni likawa kisu, na kisu kilicholika kikawa ncha ya mshale. Chuma cha ng'ambo kilipojaa madukani, tanuri za kuyeyushia zilizimika moja baada ya moja. Ilidhaniwa kuwa uhunzi nao utakufa. Haukufa. Mhunzi aliacha kutafuta mawe milimani, akaanza kutafuta vyuma vikuukuu vya reli na vya magari.

Hapo ndipo springi ya lori ilipopata heshima. Springi ni vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka juu ya ekseli, ili vibebe uzito wa gari, vipinde, na kurudi katika hali yake bila kuvunjika. Chuma chake kina kaboni ya kutosha kushika makali, na kina unyumbufu wa kustahimili pigo. Mhunzi hakufundishwa hesabu za kaboni, lakini alikijua kwa mlio wake kinapogongwa na kwa cheche zake kinaposagwa. Alikitia motoni hata kikawa chekundu, akakifua, akakizamisha katika mafuta kipate ugumu, kisha akakirudisha kwenye joto dogo ili ugumu ule usiwe ukavu wa kuvunjika. Panga, shoka, tezo na patasi zilizotoka katika springi zimelima mashamba na kuchonga milango katika nchi nzima. Kiti kilichotengenezwa kwa springi leo ni mjukuu wa panga lile.

Lakini si kila mgeuzo wa kitu cha kale huleta heri, na Tanganyika ina ushahidi wake. Katika mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, ikatazamia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta katika kiwanda cha Vickers. Minyororo ya nanga za meli iliburutwa baina ya matrekta mawili ili kung'oa vichaka. Ilikuwa ni fikira ya kupendeza katika karatasi: silaha zigeuke majembe. Walakini udongo wa Kongwa uligeuka kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mizizi ikavunja majembe, mvua zikakosekana, na mashine zilizochoka vitani zikalala chini kabla ya kazi kukomaa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kumeza mamilioni mengi ya pauni.

Kongwa inafundisha jambo ambalo fundi wa kawaida hulijua bila kuambiwa. Kugeuza kitu si kukiamuru kiwe kitu kingine. Ni kukisikiliza kwanza. Mhunzi wa springi alianza na tabia ya chuma, kisha akauliza chuma hicho kinaweza kuwa nini. Wakuu wa karanga walianza na haja yao, kisha wakakilazimisha chuma kiifuate. Kifaru kilikuwa na nguvu, ila nguvu zake hazikuumbwa kwa mzizi wa mbuyu.

Mlima mwingine wa vyuma uliletwa na siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo mafuta yake na shaba yake vilipita kusini, ikajikuta imezibwa njia. Malori yakaitwa kuiokoa. Yalipakia mapipa ya mafuta Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda Kitonga, yakavuka Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, kisha yakarudi na shaba. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na wakati wa masika iliteleza kama sabuni. Madereva waliiita njia ya Jehanamu, na malori yaliyoanguka makorongoni yalitia nguvu jina hilo. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya Uhuru ikakamilika mwaka 1975. Ndipo mzigo wa malori ulipopungua. Lakini miaka ile iliacha nyuma yake mafundi wengi waliojua kufungua gari zima na kulifunga tena, na mabaki ya kila namna.

Mabaki hayo hayakukaa bure. Rimu ya lori ilitundikwa kwa mnyororo chini ya mwembe, ikapigwa kwa kipande cha nondo, ikawa kengele ya shule. Na watoto wa vijiji vingi wamejifunza kuhesabu saa kwa sauti ya chuma kilichowahi kubeba mizigo ya watu wengine. Tairi lilikatwa likawa katambuga. Pipa lilinyooshwa likawa sufuria, jiko na sanduku la safari. Taa ya kopo ikawa koroboi. Mjini Nairobi, mafundi wa Kamukunji na Gikomba walifanya kazi hiyo nje, pasipo paa, wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ilikiri kuwa watu hawa si wavivu wanaosubiri ajira, bali ni wazalishaji. Na mwaka 1985 Rais wa nchi alikwenda Kamukunji kuwaona, na baada ya hapo vibanda vikaanza kujengwa. Jina lililokuwa la dhihaka likawa jina la heshima.

Hata hivyo, hakuna aliyeziita kazi zao sanaa. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni; ndivyo ilivyokuwa kwa mhunzi. Aliyewatengenezea wengine majiko na vitanda alikaa juu ya kopo lililopinduliwa. Kiti chake kilikuwa samani ya mabaki kabla neno hilo halijapata soko, lakini kwa kuwa kilitokana na uhitaji, mpita njia aliona umaskini tu, hakuona ubunifu.

Wakati huo huo, Ulaya na Marekani ziliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine. Mwaka 1942, Paris ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Picasso alichukua tandiko la baiskeli na usukani wake, akaviunga vikawa kichwa cha fahali. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Italia, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walitwaa kiti cha chuma cha trekta wakakiweka juu ya mguu mmoja wa bapa, wakakifanya kiti cha sebule; na mwaka 1962 waliinua taa ya mbele ya motokaa juu ya mlingoti mwembamba, ikawa taa ya nyumbani. Mwaka huo huo wa 1957, John Chamberlain wa Marekani alikunja mabati ya Ford kuukuu yakawa sanamu. Mwaka 1981 Ron Arad, mjini London, aliokota kiti cha motokaa ya Rover katika uwanja wa magari mabovu, akakifunga katika mabomba ya chuma. Vitu hivyo vimo katika makumbusho makubwa na katika vitabu vya usanifu, kila kimoja na jina la mtu aliyekibuni.

Yafaa kupima haki katika jambo hili bila chuki. Castiglioni hakumwibia fundi wa Kamukunji, wala hakumjua. Alifanya kwa hiari kile ambacho mwenzake alifanya kwa lazima, na hiari humpa mtu nafasi ya kutia sahihi. Lakini mizani ya historia haina budi kuonyesha kuwa fikira ile ile, ya kuona kiti ndani ya gari, imeitwa ubunifu ilipotoka katika utajiri, ikaitwa ufukara ilipotoka katika dhiki. Tofauti haikuwa katika jicho wala mkono. Ilikuwa katika anayetazama.

Afrika ililipa jibu lenye uzito kutoka Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1977 vilikoma mwaka 1992, vikaacha silaha zimefichwa ardhini na darini. Mwaka 1995, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, watu waliitwa kuleta bunduki na kupewa majembe, baiskeli na vyerehani. Bunduki zilikatwa ili zisitumike tena, na wasanii wa Maputo wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunga vipande hivyo akatengeneza kiti cha enzi, kilichonunuliwa na Makumbusho ya Uingereza mwaka 2002. Kiti hicho kina jina la mwenyewe. Tena kina jambo ambalo kifaru cha Kongwa hakikuwa nalo: hakikukana asili yake. Anayekitazama huona kiti na huona bunduki kwa wakati mmoja, na kuona huko kuwili ndiko kunakomfundisha.

Hiki ndicho kipimo kinachoweza kutumika hata kwa lori. Meza iliyotengenezwa kwa rimu ina thamani ikiwa rimu bado yaonekana, na matundu ya nati hayakuzibwa, na alama za safari hazikufutwa. Lango la nyuma la lori, pamoja na rangi yake iliyochakaa na maneno aliyoyaandika mchoraji, ni waraka wa historia likitundikwa ukutani. Lakini soko lina hila zake. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na siku hizi cha kale nacho kimekuwa kinyemi: mabati mapya hupakwa chumvi na tindikali ili yapate kutu ya haraka, na magari mazima yenye umri mkubwa hukatwa kwa ajili ya pambo moja. Lori zee lililobaki moja tu la aina yake halistahili msumeno. Lastahili banda na mtunzaji.

Tena kazi yenyewe ina hatari isiyoonekana katika uzuri wake. Rangi za zamani zilichanganywa na risasi, na vitambaa vya breki vya magari ya kale vilikuwa na asbesto. Vumbi la vitu hivyo likivutwa pumzini huharibu mapafu na damu. Fundi anayesaga pasipo kinga hulipa kwa mwili wake gharama ambayo mnunuzi hakuiona katika bei.

Na njaa ya chuma haina macho. Kenya ilitunga sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015, na mwezi wa Januari 2022 ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa, baada ya nguzo za umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kuingia gizani. Mtu anayeona uzito peke yake huuza hata nguzo inayomwangazia. Tanuri nalo halibagui: hupokea nguzo iliyoibwa na lori lililostaafu kwa haki, likavifanya nondo moja zisizo na kumbukumbu.

Kwa hiyo fundi anayegeuza springi kuwa kiti hufanya zaidi ya biashara. Jungu kuu halikosi ukoko, na lori lililovuka Kitonga mara mia halikosi mafunzo. Lililobaki ni kumtendea yeye kama walivyotendewa wale wa Milano na London: aandike jina lake chini ya kiti, na pembeni ya jina aandike lori lilikuwa la aina gani, la mwaka gani, na lilipita njia ipi. Wino wa kazi hiyo ni patasi na nyundo, navyo tayari vimo mkononi mwake.