Samaki Asiyeliwa: Habari za Tarponi wa Florida

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mkisikia habari za uvuvi mara moja mwafikiri kitoweo. Mtu hushuka pwani usiku, hutega dema au hutandaza wavu, na alfajiri hurudi na kitu cha kutia chunguni. Akirudi mikono mitupu, watoto hulala na njaa. Leo twataka kuwasimulia uvuvi wa namna nyingine kabisa. Watu husafiri maelfu ya maili wakati wa likizo, hulipa fedha nyingi, hushindana na samaki mmoja muda wa saa nzima hata viganja vikafanya malengelenge, na wakiisha kumpata humwachilia aende zake. Msicheke upesi. Jambo hili lina historia ya miaka mia na arobaini, na ndani yake mna miji iliyojengwa na mji uliopoteza riziki yake.

Samaki mwenyewe huitwa tarponi. Makao yake ni bahari ya Atlantiki: upande mmoja Marekani ya kusini na visiwa vyake mpaka Brazil, upande wa pili Afrika ya Magharibi kutoka Senegal mpaka Angola. Jamaa yake aliye mdogo zaidi yumo katika Bahari ya Hindi, na huingia katika hori na midomo ya mito ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Lakini yule wa Atlantiki ni pandikizi. Aliyekua sana hupita urefu wa mtu mzima, na uzito wake huweza kuzidi ratili 200. Magamba yake ni mapana kama kiganja cha mtoto na yang'aa mno, ndiyo sababu Wamarekani walimpa jina la Mfalme wa Fedha. Kwa Kiswahili jina hilo lina maana mbili, na zote mbili ni za kweli, kama mtakavyoona.

Ajabu yake nyingine ni kwamba hupanda juu ya maji kuvuta pumzi, kwa maana kibofu chake cha hewa humfanyia kazi ya pafu. Kwa hiyo watoto wake huweza kukaa katika vinamasi vya mikoko, katika maji mazito ambamo samaki wengi wangekufa, na adui zao hawawafuati humo. Huishi maisha marefu. Majike wengine wamepita miaka 50. Ama nyama yake imejaa miiba. Katika sehemu za Afrika ya Magharibi na Brazil watu humla, bali huko Florida wageni walioikalia nchi hawakumtaka mezani.

Zamani pwani ya magharibi ya Florida ilikuwa ya watu walioitwa Calusa. Hawa hawakulima sana. Bahari ilikuwa shamba lao, na vilima vya makombe waliyoyatupa vingali vinaonekana mpaka leo katika visiwa vile. Vita, utumwa na magonjwa yaliyokuja pamoja na Wazungu yaliwamaliza, na kufika miaka ya 1760 walikuwa wametoweka katika nchi yao. Waliofuata baadaye walimjua tarponi kwa chusa tu: humvizia akija juu kupumua, wakamchoma. Kumvua kwa mshipi na ufito kulidhaniwa hakuwezekani, kwa kuwa kinywa chake ni kigumu kama mfupa, ndoana haishiki, na akichomwa huruka juu hewani mara kwa mara akitikisa kichwa mpaka aiteme.

Basi mwezi wa Machi, mwaka 1885, bwana mmoja wa New York, jina lake William H. Wood, alimvua tarponi wa ratili 93 kwa ufito na mshipi karibu na kisiwa cha Sanibel. Wengine walidai kwamba wao walimtangulia, na ugomvi huo hatutauingilia. Habari za Wood ndizo zilizochapishwa magazetini, na zilienea kama moto wa nyika. Mwaka 1886 njia ya reli ilifika Punta Gorda, mji ulio jirani na maji yale. Sasa tajiri wa kaskazini aliyechoka na theluji aliweza kupanda gari la moshi kwake, akashukia penye jua, akalala katika hoteli nzuri, na asubuhi akakaa mashuani akimngoja Mfalme. Hata Waingereza walivuka bahari kwa ajili yake.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wavuvi wa siku zile, kwa kuwa kinywa ni kigumu, waliuacha mshipi ukilegea mpaka samaki ameze chambo chote, ndoana ikashika tumboni. Samaki aliyeshikwa tumboni hapati kupona hata akifunguliwa. Kwa hiyo wote waliuawa. Waliangikwa bandarini, mgeni akasimama kando apigwe picha, gamba moja likabanduliwa liwe ukumbusho, na mzoga ukatupwa. Sisi tuliolelewa kuhesabu kila kichwa cha samaki twaona uchungu kusoma hayo.

Tuwachukueni sasa mpaka Texas, magharibi zaidi katika ghuba ile ile. Huko palikuwa na kijiji cha bandari ambacho kwa miaka kadhaa kiliitwa Tarpon, kwa jina la samaki, kabla ya kuitwa Port Aransas. Hoteli yake, Tarpon Inn, ilianza mwaka 1886, nayo ingalipo. Kuta za ukumbi wake zimefunikwa kwa magamba, maelfu, na kila gamba limeandikwa jina la mvuvi na tarehe. Mwezi wa Mei mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt mwenyewe alifika, akavua, akatia sahihi yake katika gamba. Nalo limetiwa katika fremu. Wenyeji waliishi kwa kazi hiyo: kuongoza mashua, kuuza chambo, kupika, kufua. Lakini kufika miaka ya 1960 tarponi walikuwa wamekuwa haba mno katika maji yale. Wengine walisema ni mabwawa yaliyozuia maji ya mito yasifike baharini, wengine ukame, wengine kuuawa kwa wingi. Na yaelekea hakuna sababu moja iliyotosha peke yake. Magamba yamebaki ukutani. Waongozaji walilazimika kutafuta samaki wa namna nyingine wa kuwaonyesha wageni.

Kule Florida mambo yalikwenda njia nyingine, na sehemu ya sababu ni ufundi mpya wa kuvua kwa manyoya. Katika ufundi huo chambo ni nyoya lililofungwa juu ya ndoana, jepesi hata halitupiki lenyewe. Kinachotupwa ni mshipi, ambao ni mnene na mzito kiasi. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani kwa ufito mrefu mwembamba, kama mchunga ng'ombe achezeshaye mjeledi, mpaka unyoke na kuliweka nyoya mbele ya samaki. Tarponi wadogo walikuwa wakivuliwa hivyo tangu zamani. Ama wakubwa walipatikana kwa shida mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, zilipokuja nyuzi za nailoni na fito za nyuzi za kioo. Mwaka 1961 Joe Brooks alimpata mmoja wa ratili 148 na nusu katika visiwa vya Florida Keys. Aliyesimama mashuani na upondo akimwongoza alikuwa Stu Apte, ambaye baadaye aliweka rekodi zake mwenyewe. Twamtaja huyu mwenye upondo kwa makusudi. Aijuaye mikondo, aonaye kivuli cha samaki katika maji ya kina cha kiuno, ni yeye, na mara nyingi historia humsahau.

Ndoana ya manyoya hushika pembeni mwa kinywa, si tumboni. Samaki akiruka, mvuvi humwinamia na kuulegeza mshipi usikatike. Wao wenyewe husema kwamba wamwinamia mfalme. Akiisha kuchoka hufunguliwa mzima, isipokuwa papa amewahi, kwani papa wamejifunza kuzifuata mashua hizo.

Mwaka 1989 serikali ya Florida iliamuru kwamba atakaye kumwua tarponi anunue kwanza cheti cha dola 50. Watu wengi waliona afadhali wamwachie. Mwaka 2013 ilikaza zaidi: hauawi ila na mwenye cheti anayetafuta rekodi, na samaki anayezidi inchi 40 asitolewe majini. Rekodi ndiyo iliyobaki na damu, kwa kuwa samaki wake hana budi kupandishwa mizanini. Mwaka 2001 huko Homosassa, Jim Holland mdogo alivua kwa manyoya tarponi wa ratili 202 na nusu, kwa uzi wa kufungia ndoana unaohimili ratili 20 tu.

Wasiotaka rekodi hutumia hesabu, na wanafunzi mnaotusikiliza mwaweza kuijaribu. Pima urefu wa samaki kwa inchi, na mzingo wake mahali palipo panene. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 800. Tarponi mwenye urefu wa inchi 72 na mzingo wa inchi 38 atakuwa na kadiri ya ratili 130. Kipimo hicho huchukuliwa samaki akiwa ubavuni mwa mashua. Kisha mwongozaji humshika taya la chini, humwelekeza uso penye mkondo, humshikilia hivyo kitambo mpaka mkia upate nguvu, ndipo humwacha.