Mkojo wa Askari Uliobatilisha Dhana ya Matabibu

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 90 tangu Hans Selye, mtaalamu wa Montreal, alipochapisha katika jarida la Nature waraka mfupi uliobainisha kuwa mwili huzijibu dhiki za kila namna kwa utaratibu mmoja, na miaka 40 tangu dhana iliyojengwa juu yake, kwamba mwenye kiwewe lazima afurike homoni za dhiki, ilipotiwa ufa.

Mengine yajulikana: 1906 Henry Dale aligundua kuwa maji ya tezi iliyo chini ya ubongo hukaza mji wa mimba, 1953 Vincent du Vigneaud akaiunda maabarani homoni ya maji hayo, oksitosini, ile waiitayo wazazi wetu sindano ya uchungu, na 1980 matabibu wa akili wa Marekani, baada ya kusukumwa na askari waliorejea kutoka Vietnam, wakayaorodhesha maradhi ya kiwewe kitabuni mwao.

Ugomvi ulizuka 1986. Huko West Haven, Connecticut, John Mason na wenzake waliukusanya mkojo wa askari wastaafu kutwa kucha, wakapima kotisoli, homoni ya dhiki. Kumbe wenye kiwewe cha vita walikuwa nayo haba kuliko wenye sonona. Mtafiti Rachel Yehuda alipotangaza 1995 kuwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, waliopatwa na maradhi hayo, nao wamepungukiwa nayo, wengi walitia shaka. Hakurudi nyuma. Hoja yake, ambayo naiona ina mashiko ijapokuwa vipimo vya wengine havikuafikiana vyote, ni kwamba kotisoli ndiyo iuarifuyo mwili kuwa hatari imepita, na kwa wagonjwa hawa ubongo huizuia mapema mno, ilhali noradrenalini, homoni nyingine ya dhiki, yaendelea kuusumbua moyo.

Mwaka 2014 kotisoli haba ilionekana kwa akina mama wa Kitutsi waliokuwa waja wazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na kwa watoto wao pia. Ama oksitosini, ilipopuliziwa majeruhi puani huko Amsterdam ili kuwakinga na kiwewe, matokeo ya 2017 yalionyesha kuwa iliwafaa wenye dalili kali tangu mwanzo, si wote.

Basi ni aibu kwamba, baada ya ushahidi wote huu, mkimbizi wa Kongo au mkongwe wa vita vya Kagera ashindwaye kulala angali akiambiwa ana pepo au ni mwoga. Serikali zetu na ziwapatie watu hawa matabibu wa akili, nasi jamaa zao tuache kuwadhihaki.