Moto wa Simu: Jinsi Rugenge Ilivyochagua Android

Mtu akitaka kujua kwa nini mtaa wetu wa Rugenge umejaa simu za Android, na iPhone ni za kuhesabika, asianze na bei. Bei ni sehemu ya habari, lakini historia yenyewe imo ndani ya betri. Mimi ni fundi wa simu hapa Uvira. Nimefungua za kila namna, na ninasema kwa yakini kwamba kila mfumo endeshi uliofika kwetu ulihukumiwa na moto, yaani umeme: unakula moto kiasi gani, na moto ukipungua mwenye simu anaweza kujisaidia vipi bila kuomba ruhusa ya mtu aliye mbali.

Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Umeme unatoka mto Ruzizi, kwenye mabwawa mawili: la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na la pili la mwaka 1989, ambalo Kongo inaligawana na Rwanda na Burundi. Mto tunao karibu, ila moto wake haufiki kila nyumba, na hata unapofika unaweza kukatika jioni usirudi hadi kesho yake.

Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, lakini telefone zake zilikuwa za mawaziri na matajiri. Sisi huku tulikuwa na foni, ile redio ya masafa marefu. Ulikwenda kwenye nyumba ya foni, ukalipa, ukangoja Kalemie wamwite ndugu yako, kisha mkaongea mambo ya nyumbani huku watu wote wakisikiliza. Celtel ikaanza kazi Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, na vita vilipokuwa vikielekea kwisha minara ikaanza kusimama upande wetu pia.

Hapo ndipo ilipokuja simu ambayo mimi naiheshimu kuliko zote, Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Betri yake ilikuwa ya mAh 850 tu, ndogo kabisa ukiipima kwa leo, lakini kampuni iliahidi hadi saa 400 za kukaa wazi bila kupigwa. Siri ilikuwa nini? Skrini yake haikuwa na rangi, mfumo wake ulikuwa na kazi chache, na hakuna programu iliyoamka usiku kutafuta habari. Juu yake walitia tochi. Wavuvi wa ndagala wa Kalundu walikwenda nayo ziwani, wakamulika nyavu, wakarudi alfajiri wakiwapigia wanunuzi kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

Marehemu mjomba wangu alifungua nyumba ya kuchaji miaka hiyo. Alikuwa na jenereta dogo, ubao wenye misumari, na vipande vya karatasi vyenye namba, kimoja kimefungwa kwenye simu na kingine anacho mwenyewe. Ilikuwa franka 100 kwa simu. Wengi hawakuacha simu, waliacha betri peke yake, mjomba akaibana kwenye chaja na kuitundika. Betri ile, BL-5C, iliingia katika Nokia nyingi tofauti, kwa hiyo mtu aliweza kuwa na mbili, moja kwenye simu na nyingine kwa mjomba. Kwangu mimi huo ndio uhuru wa kwanza ambao simu iliwapa watu wa Rugenge, na hakuna mhandisi aliyeufikiria kwa ajili yetu. Ulitokana tu na kifuniko kilichofunguka kwa kidole gumba.

Kisha ukaja mfumo wa Symbian, ndani ya Nokia N70 na ndugu zake. Asili yake ni kompyuta za mfukoni za Psion ya Uingereza, zilizotembea kwa betri mbili ndogo za kawaida, na tabia hiyo ya kubana matumizi haikuuacha. N70 ilipiga picha, ikacheza muziki, ikafungua programu kadhaa kwa pamoja, na bado ilitumia BL-5C ileile. Tatizo lake lilikuwa kwenye kuitumia. Ili uwashe kitu kimoja ulipita menyu ndani ya menyu. Matoleo yaliyofuata yalidai kila programu iwe na cheti, na cheti kikipita muda simu inaikataa. Mafundi wa soko la Mulongwe walijua dawa: rudisha kalenda ya simu nyuma, weka programu, halafu rekebisha tarehe. Kazi hiyo iliwalisha vijana wengi kabla sijashika bisibisi.

BlackBerry zilipita mikononi mwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, zikapendwa kwa vitufe na ujumbe wake, kisha zikatoweka. Lumia za Windows zilikuwa laini mkononi na nyepesi kwa betri, ila programu zilikuwa chache. Februari 2011 Nokia yenyewe ilitangaza kuiacha Symbian. Mlango ukabaki wazi kwa Android.

Android haikuingia kwetu kwa sababu ya kubana moto. Za kwanza zilikuwa na kiu ya ajabu: asubuhi zimejaa, mchana zimekufa. Kila programu iliamka ilivyotaka, na Google ilianza kuzilaza kwa nguvu simu ikitulia mezani mwaka 2015 tu, katika toleo la 6. Lakini mfumo huu ulikubali kubadilishwa, na jambo hilo ndilo lililoamua. Kampuni yoyote iliweza kuuchukua na kuutia katika simu ya aina yake. Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006, ikatuletea Tecno, itel na Infinix zenye nafasi ya kadi mbili, nafasi ya memori, na betri zilizoendelea kukua hadi mAh 5,000 na zaidi. Mtu wa Uvira ana namba ya Airtel kwa familia, ya Vodacom kwa M-Pesa, pengine Orange, na kadi ya Burundi kwa siku za kwenda Bujumbura. Kwake nafasi mbili za kadi ni mkate, wakati iPhone ilikaa na kadi moja hadi mwaka 2018.

Mpaka nao una hesabu yake. Ukiwa Kavimvira, simu inasikia minara ya nchi mbili, inaruka huku na huku, na kila mruko unakula betri. Ukipanda milimani ni vibaya zaidi, maana mnara ukiwa mbali simu inapaza nguvu ili isikike. Katika Android naingia kwenye mipangilio, nachagua mtandao mmoja kwa mkono, naishusha hadi 2G kwa mwenye kupiga na kupokea tu, na betri iliyokuwa inaisha mchana inafika usiku. Wateja wangu wengi hawajui kwamba simu yao ina kitasa hicho.

Lakini wepesi wa kubadilishwa una gharama. Watengenezaji wengi walitia mikono yao ndani ya Android, wakaifundisha kufunga programu kila skrini ikizima. Mama mmoja muuza ndagala alinijia na huzuni: «Mwanangu, wateja wa Bukavu wananiandikia asubuhi, mimi naona mchana, samaki wameshanunuliwa kwingine.» Nikamwambia, «Pole, Mama, WhatsApp yako inalazwa kwa nguvu.» Niliiondoa katika orodha ya zinazofungwa. Sasa anachaji mara nyingi zaidi, na biashara yake inatembea. Kila mfumo una mapatano ya namna hii, na kosa ni kuyaficha ndani ya menyu ambayo mama huyo hawezi kuifikia.

Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Wiki zilizofuata nilipokea simu zilizojaa tope. Zile za kifuniko, ambazo mwenyewe aling'oa betri palepale, nyingi zilifufuka baada ya kusafishwa na kukaushwa. Zile zilizozibwa kwa gundi ziliendelea kupitisha umeme ndani ya maji, na zilifika kwangu bodi imeliwa na kutu. Watu walipoteza picha za wafu wao. Tangu mwaka ule siwezi kusikia mtu akisifu simu iliyozibwa bila kuwakumbuka.

iPhone sitaidharau. Programu zake zinalala vizuri, na kwa betri ndogo inafanya kazi kubwa. Mtu ambaye hajawahi kushika simu anaielewa upesi kuliko Android. Lakini Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, kisha ikashusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29 katika vituo vyake, vituo ambavyo mtu wa Rugenge havioni. Na tangu mwaka 2019, fundi wa mtaani akitia betri nyingine, simu inaweza kumwonyesha mwenyewe onyo kwamba betri haitambuliki, hata kama ni nzima. Mfumo wa namna hiyo unalinda kampuni kuliko mwenye simu.

Serikali yetu nayo iliwahi kupanga simu kwa madaraja. Kodi ya RAM, yaani ya daftari la kusajili simu, iliyoanza Septemba 2020, ilidai dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye mayunite, hadi ilipoondolewa mwaka 2022 baada ya watu kulalamika nchi nzima. Wakati huo Nokia za tochi zilirudi mezani kwangu kwa wingi, zikitafutiwa betri.

Kinachoniuma zaidi ni simu nzima kufanywa taka kutoka mbali. WhatsApp iliacha Symbian katikati ya mwaka 2017, ikaacha Nokia za S40 mwisho wa mwaka 2018, kisha Android za zamani toleo baada ya toleo. Betri zilikuwa bado nzuri. Simu za KaiOS, kama Sanza ambayo Orange iliitangaza mwaka 2019 kwa dola 20 hivi, zilielekea kuunganisha subira ya Nokia na WhatsApp, na ni huzuni kwamba nazo zimeachwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukija kununua simu Rugenge, usiulize jina lake kwanza. Uliza mAh, uliza toleo la mfumo ni la mwaka gani, uliza kama betri inapatikana hapa mjini na fundi gani ataibadilisha. Kwa mji wetu mimi nachagua Android nyepesi ya mAh 5,000 na kadi mbili, pamoja na simu ndogo ya tochi ibaki nyumbani kwa siku za moto kukatika.