Nukta Juu ya Kioo: Historia ya Kilengeo cha Kuakisi na Safari Yake hadi Kwenye Bastola, 1900–2017

1.0 Utangulizi

Historia ya silaha ndogo imezoeleka kuandikwa kama historia ya mitutu, baruti na risasi. Kifaa kinachomwezesha mpigaji kujua risasi yake itakwenda wapi hutajwa kwa sentensi mbili tatu, kana kwamba kilizaliwa pamoja na bunduki yenyewe. Makala haya yanakichunguza kifaa kimoja cha aina hiyo, yaani kilengeo cha kuakisi: kipande kidogo cha kioo kilichopinda ambacho humwonesha mpigaji nukta ya mwanga ikielea juu ya shabaha. Leo kifaa hiki hufungwa juu ya bastola za askari polisi, wanajeshi na wanamichezo, na wengi wanaokitumia hukichukulia kuwa zao la elektroniki za karne ya 21. Hoja inayojengwa hapa ni tofauti. Wazo la kilengeo hicho lilikuwa limekamilika kufikia mwaka 1900. Vilivyochelewa ni vitu viwili: chanzo cha mwanga kinachofaa na namna ya kukifunga mahali pake kisisogee. Kati ya hivyo, cha pili ndicho kilichosumbua zaidi, na ndicho kinachosahauliwa zaidi.

2.0 Jicho na vitu vitatu

Mtu anayelenga kwa vilengeo vya chuma hudaiwa jambo ambalo jicho la binadamu haliwezi kulitimiza. Inambidi auone mwanya wa nyuma, kidutu cha mbele na shabaha, vyote kwa wakati mmoja na vyote kwa uangavu, ilhali viko katika umbali tofauti. Lenzi ya jicho hukaza umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakufunzi wa bastola, kwa vizazi kadhaa, waliwafundisha wanafunzi wao kukaza macho kwenye kidutu cha mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu. Kijana huweza kuhamisha macho haraka na kujidanganya kwamba anaviona vyote. Mtu aliyevuka miaka 45, ambaye lenzi ya jicho lake imeanza kukakamaa, hana hata faraja hiyo.

Kwenye bastola ugumu huo huwa mkubwa zaidi kwa sababu ya ufupi wa silaha. Ikiwa umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni sentimita 16, kosa la milimita 1 katika kuvipanga huipeleka risasi zaidi ya sentimita 15 nje ya mahali palipokusudiwa katika umbali wa mita 25. Kosa hilo halitokani na uzembe. Ni hesabu ya pembe tu.

3.0 Howard Grubb na wazo la mwaka 1900

Aliyelitafutia tatizo hili ufumbuzi hakuwa mwanajeshi wala fundi wa bunduki. Howard Grubb wa Dublin, Ireland, alikuwa mtengenezaji wa darubini za wanaastronomia, kazi aliyoirithi kwa baba yake, Thomas Grubb. Karakana yao ndiyo iliyotengeneza darubini kubwa za Melbourne, Vienna na Greenwich. Mtu wa aina hiyo alikuwa amezoea kufikiri juu ya nuru inayotoka mbali mno, yaani miale iliyo sambamba, na hapo ndipo ulipo msingi wa uvumbuzi wake. Mwaka 1900 aliombea hataza kifaa chake, na mwaka uliofuata maelezo yake yakachapishwa na Royal Dublin Society.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Alama ndogo yenye mwanga huwekwa kwenye fokasi ya lenzi au ya kioo kilichopinda. Miale inayotoka kwenye alama hiyo hugeuzwa kuwa sambamba, kisha huakisiwa kuelekea kwenye jicho na kioo kinachopitisha pia taswira ya mbele. Kwa kuwa miale ni sambamba, jicho huiona alama kana kwamba iko mbali sana, pale pale ilipo shabaha. Vitu vitatu vimekuwa kimoja. Zaidi ya hayo, mpigaji akisogeza kichwa kidogo, alama huonekana kuhama ndani ya kioo lakini haiondoki juu ya shabaha, kwa sababu huufuata mwelekeo wa mtutu na si mahali jicho lilipo.

Hapa inafaa kuweka sahihisho moja. Maandishi ya kibiashara hudai mara nyingi kwamba vilengeo hivi havina paralaksi kabisa. Katika umbali mkubwa dai hilo linakaribia ukweli. Katika mita 5 au 7, ambako bastola hutumika zaidi, mpigaji anayeitazama nukta kwenye ukingo wa kioo anaweza kukosea kwa kiasi kinachokaribia nusu ya upana wa kioo hicho. Ni kosa dogo, lakini lipo.

Grubb alikusudia kifaa chake kiwafae wenye mizinga mikubwa na wenye bunduki za mkononi vilevile. Wakati huo majeshi ya Uingereza yalikuwa vitani Afrika Kusini dhidi ya Makaburu, na suala la ulengaji wa masafa marefu lilikuwa likijadiliwa sana. Hata hivyo, bunduki hazikukipokea. Kioo juu ya bunduki ya askari wa miguu kingevunjika, na mwanga wa kuiangaza alama ulitegemea jua.

4.0 Angani

Ndege ndizo zilizokiokoa kifaa hiki kisibaki kwenye makabati ya hataza. Rubani wa ndege ya kivita hana nafasi ya kukituliza kichwa chake mahali pamoja. Hutikiswa, huvutwa na mzunguko, na huvaa miwani. Mwaka 1918 kampuni ya Oigee ya Berlin ilikuwa tayari imetengeneza vilengeo vya kuakisi kwa ajili ya ndege za kivita za Ujerumani. Kufikia Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeenea: Wajerumani walikuwa na Revi, na Waingereza walikuwa na kilengeo cha Barr & Stroud kwenye Spitfire na Hurricane.

Umuhimu wa kipindi hiki kwa historia ya bastola hauko kwenye vioo pekee. Spitfire za mwanzo zilibeba bunduki 8 ndani ya mabawa, mbali na kilengeo kilichokuwa mbele ya uso wa rubani. Ilikuwa lazima iamuliwe ni katika umbali gani risasi za bunduki hizo zitakutana na alama iliyo kwenye kioo. Agizo la awali lilikuwa yadi 400. Marubani waliokwisha kupigana waliona kwamba katika umbali huo risasi zilitawanyika na adui aliondoka na matundu machache, na katika mwaka 1940 umbali ukapunguzwa hadi yadi 250. Kioo hakikubadilishwa, wala bunduki. Kilichobadilishwa ni makubaliano kati ya alama na risasi, na makubaliano hayo yaliamua nani anarudi nyumbani. Fundi aliyekaa chini ya bawa akizungusha parafujo hatajwi katika vitabu vya mashujaa, lakini alistahili ukurasa wake.

5.0 Mwanga mdogo usiokula betri

Baada ya vita kilengeo kiitwacho Nydar kilitolewa Marekani kwa ajili ya bunduki za marisawa, kikitegemea mwanga wa mchana. Mwindaji aliyeingia kichakani alfajiri hakuiona alama. Mnamo mwaka 1970 wanajeshi wa Marekani waliovamia kambi ya wafungwa ya Son Tay, Vietnam Kaskazini, walikuwa na vilengeo vya Singlepoint, ambavyo havikupitisha taswira hata kidogo: jicho moja liliona nukta, jingine liliona shabaha, na ubongo ndio uliounganisha.

Ufumbuzi wa kudumu ulikuja kutoka nje ya fani ya silaha. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric, alionesha dayodi ya kwanza yenye manufaa inayotoa mwanga mwekundu unaoonekana. Dayodi hutumia umeme kidogo mno na hutoa mwanga wa rangi moja, hivyo kioo huweza kupakwa utando unaoakisi rangi hiyo pekee na kupitisha karibu rangi nyingine zote. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi iliuza kilengeo cha kwanza cha namna hiyo, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wawindaji. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikichagua kilengeo cha kampuni hiyo kwa bunduki zake mwaka 1997.

6.0 Wanamichezo

Bastola iliingia katika historia hii kupitia mlango wa mashindano. Bianchi Cup, iliyoanza mwaka 1979 mjini Columbia, Missouri, ina risasi 192 na alama za juu kabisa 1920. Kupata zote ni kutokukosea hata mara moja. Doug Koenig alikuwa wa kwanza kufikia kiwango hicho, mwaka 1990, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa upigaji wa bastola mjini Adelaide. Huo ndio wakati ambapo vilengeo vya nukta vilianza kuviondoa vilengeo vya chuma katika daraja la wazi la mchezo huo.

Bastola za mashindano, hata hivyo, zilikuwa na siri yake. Kilengeo hakikufungwa kwenye slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka. Kilikaa juu ya daraja la chuma lililofungwa kwenye fremu, ambayo haiendi popote. Kwa mwanamichezo hilo halikuwa na ubaya. Kwa askari, bastola yenye daraja kama hilo haikuingia kwenye mkoba wa kiunoni.

7.0 Kufunga na kupatanisha

Kukihamishia kilengeo kwenye slaidi ndiko kulikoleta kazi ngumu kuliko zote. Katika kila mfyatuo slaidi huruka nyuma, hugonga, hurudi na kugonga tena. Betri hutaka kuruka kutoka kwenye kitako chake, nyaya nyembamba hutikisika, na parafujo mbili ndogo hubeba mzigo wote. Vilengeo vidogo vya miaka ya 1990 vilijaribiwa na mafundi wa binafsi waliochonga slaidi moja moja. Trijicon ilipotoa RMR mwaka 2009, ikiwa na ganda la alumini lililoundwa kubeba mapigo, jambo hilo likaanza kuaminika. Mwaka 2015 Glock ikatoa bastola zilizochongwa tayari kiwandani, na mwaka 2017 bastola iliyochaguliwa na jeshi la Marekani, P320 ya Sig Sauer, ilikuja na slaidi inayokubali kilengeo.

Kazi ya fundi inaonekana ndogo, na udogo huo ndio hatari yake. Baada ya kuhakikisha kwamba silaha haina risasi, hufuta mafuta yote kwenye slaidi, kwenye matundu na kwenye parafujo. Mafuta ni rafiki wa kila sehemu nyingine ya bastola, ila hapa huizuia gundi ya parafujo isishike. Bamba la kuunganishia lazima likae bila kutikisika hata kabla ya kukazwa. Parafujo hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi hukata uzi wa parafujo, na kukaza pungufu huifungua baada ya risasi mia chache. Parafujo iliyo ndefu mno huweza kufika chini na kukibana kifaa kinachotoa maganda, na bastola ikaanza kukwama bila mtu kushuku kilengeo. Mwishoni fundi mwangalifu huchora mstari wa rangi kutoka kichwa cha parafujo hadi kwenye ganda la kilengeo. Mstari ukikatika, parafujo imezunguka.

Ndipo hufuata kupatanisha nukta na risasi. Kilengeo hukaa takribani sentimita 2 juu ya mtutu, na risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka. Bastola iliyopatanishwa katika mita 25 itapiga chini ya nukta kwa karibu sentimita 2 katika mita 3. Mpigaji huegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, hupiga risasi 5 akilenga mahali palepale, kisha hutazama katikati ya kundi la matundu. Vilengeo vingi hurekebishwa kwa dakika ya pembe, ambayo katika mita 25 ni kama milimita 7. Kundi likiwa sentimita 5 kushoto na sentimita 3 chini, hatua 7 kwenda kulia na 4 kwenda juu zitatosha, kisha kundi jingine hupigwa kuthibitisha. Anayezungusha parafujo baada ya kila tundu hukimbizana na kutikisika kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa baya zaidi ni la aina nyingine. Mpigaji wa mkono wa kulia anayevuta kifyatulio kwa pupa hupeleka risasi chini kushoto. Akiirekebisha nukta ili ifuate kosa hilo, karatasi itampongeza. Siku atakayeipokea silaha hiyo ni mwenzake mwenye mkono mtulivu, risasi itakwenda juu kulia, na mtaani upande wa kulia wa mhalifu huweza kusimama mpita njia. Kwa sababu hiyo si haki kukihukumu kilengeo pekee pale risasi ya askari inapokosea. Daftari la kupatanisha silaha lina la kusema.

Vilengeo vya mwanzo viliongeza mtego mwingine: betri ilikaa chini, hivyo kuibadilisha kulimaanisha kukifungua kifaa chote, na kila kufungua kulidai uthibitisho mpya uwanjani. Miundo iliyofuata iliweka betri ubavuni au juu. Pamoja na hayo, bastola nyingi za kazi bado huwekewa mwanya wa nyuma na kidutu cha mbele vya chuma, virefu kuliko vya zamani, ili vionekane kupitia kioo siku nukta itakapozimika.