Jinsi ya kuivusha krisanthemumu ya chungu hadi baridi iishe

Kuanzia Septemba, krisanthemumu hujaa milangoni mwa maduka ya Marekani na Canada. Watu wananunua, wanapanga barazani, na ikifika Desemba wanazitupa wakidhani zimekufa. Nyingi bado zingerudi. Aina za bustani huishi miaka kadhaa: majani na mashina hukauka, lakini mizizi imelala tu.

Shida iko kwenye chungu. Mizizi iliyo ardhini ina udongo mwingi unaoikinga. Ya kwenye chungu inapigwa na baridi kila upande. Udongo unaganda mpaka katikati, unayeyuka jua likitoka, unaganda tena. Hapo ndipo mizizi inapokufa.

Kwa hiyo tafuta sehemu yenye baridi isiyogandisha, kati ya nyuzi 0 na 10 za Selsiasi hivi. Gereji isiyo na hita inafaa sana. Giza si tatizo, maana mmea umelala. Ila sebuleni usiulete: joto linauamsha mapema na unatoa machipukizi marefu, dhaifu. Na kama una paka au mbwa, hiyo ni sababu nyingine, kwani krisanthemumu ni sumu kwao. Ni ndugu wa pareto, ile inayolimwa Kenya na Tanzania kutengenezea dawa ya wadudu.

Mashina makavu usiyakate, yanaikinga sehemu ya chini. Maji weka kidogo, kila baada ya wiki 3 au 4, udongo usikauke kabisa. Ukizidisha, mizizi inaoza.

Huna gereji? Zika chungu ardhini mpaka ukingoni, karibu na ukuta wa nyumba. Ardhi ikishaanza kuganda, funika kwa majani makavu, unene wa sentimita 10 hadi 15. Wa ghorofani wanaweza kuweka chungu ndani ya sanduku kubwa lililojazwa majani makavu, ingawa kwa baridi ya Minnesota hiyo ni bahati nasibu.

Kabla ya kununua, soma kibandiko. Marekani imegawanywa katika kanda 13 za baridi. Namba ikiwa ndogo, baridi ni kali zaidi. Kwa mmea utakaobaki nje kwenye chungu, wakulima wa bustani hushauri ushuke namba mbili: ukiishi kanda ya 5, tafuta unaovumilia kanda ya 3. Chuo Kikuu cha Minnesota kimezalisha aina sugu kwa miaka mingi, zitafute. Zile za zawadi, zenye maua makubwa na karatasi za kumetameta, hazikuzalishwa kwa ajili ya nje. Furahia maua yake, basi.

Baridi ya kugandisha ikipita, Aprili au Mei, toa chungu nje na ukianzishe kivulini kwa wiki moja. Sasa kata mashina makavu na uongeze mbolea. Machipukizi yakifika sentimita 15, kata ncha ili yatawanyike, urudie hadi mwanzoni mwa Julai. Baada ya hapo utakuwa unakata vitumba. Na usiuweke chini ya taa ya barazani inayowaka usiku kucha: krisanthemumu huchanua usiku unaporefuka, na mwanga huo unaichelewesha.