Spoki ya baiskeli na chuma kisichokunjika

Kama uko Shinyanga, kupata spoki ya baiskeli si kazi. Ishike ncha zote mbili uivute: hupati kitu. Sasa isimamishe mezani, uikandamize kwa kiganja kutoka juu. Imepinda, sivyo? Chuma ni kilekile. Kuvutwa kinastahimili, kusukumwa kinashindwa.

Wahandisi wa majengo ya chuma waliishi na tatizo hilo miaka mingi. Fremu ya nguzo na mihimili huyumba ikisukumwa ubavuni, kwa hiyo huwekewa chuma cha mshazari, kona hadi kona. Tetemeko hukivuta na kukisukuma kwa zamu, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kinakunjika, kinanyooka, kinakunjika tena, mwisho kinakatika palepale kilipokunjikia.

Jibu lilitoka Japani. Baada ya majaribio ya miaka ya 1970, Akira Wada na wenzake, pamoja na kampuni ya Nippon Steel, walilikamilisha miaka ya 1980. Walichukua ubapa wa chuma, wakaupaka tabaka la kuuzuia usishikane na kitu, wakauweka ndani ya bomba la chuma lililojazwa mota. Ni kama kuichomeka spoki yako kwenye mrija unaoibana: ukiikandamiza haina pa kupindia. Chuma cha ndani kinarefuka na kufupika tu, na nishati ya tetemeko inageuka joto humohumo. Mimi nalipenda lile tabaka kuliko vyote. Bila hilo chuma kingeng'ang'ania mota, bomba nalo likabebeshwa mzigo usio wake.

Marekani walilitazama kwa makini baada ya tetemeko la Northridge, 17 Januari 1994, lilipopasua maungio ya kuchomelea ya fremu za chuma zilizoaminiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, ikapigwa Kobe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 vyuma hivi vilikuwa vinafungwa kwenye jengo la chuo kikuu huko Davis, California. Kasoro ipo: baada ya mtikisiko mkubwa jengo linaweza kubaki limeinama kidogo.

Utauliza, sisi inatuhusu nini? Geita na Shinyanga zimekaa juu ya mwamba mgumu wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ndimo dhahabu ilimo. Lakini Bonde la Ufa limetuzunguka magharibi na mashariki. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa kwa ukubwa wa takriban 7.4. Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ikawa zamu ya Kagera, jirani kabisa na Geita, kwa ukubwa wa 5.9.

Nitasema wazi: vyuma vya Wada visingeiokoa Bukoba. Zilizoanguka ni nyumba za matofali na udongo, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Fremu ya Kijapani ina sehemu iliyochaguliwa mapema iumie kwa niaba ya jengo zima. Ukuta wa matofali matupu hauna sehemu hiyo, ukifika mwisho wake unaanguka, basi. Unachoweza kuupa ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozishika kuta zote pamoja.

Hata kwenye ukanda wa dhahabu, mtambo wa kuchenjua una fremu ya chuma iliyopigiwa hesabu, ila mchimbaji analala kwenye matofali ya kuchoma. Ukipita Katoro au Kahama penye nyumba inayojengwa, tazama juu ya madirisha: mkanda umezunguka nyumba nzima, au umeishia juu ya mlango tu?