Hesabu ya Mawingu ya Baharini

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini yako mawingu yanayotanda juu ya bahari kwa siku nyingi mfululizo, na mvua yake ikazidi manyunyu kwa nadra. Mawingu hayo, ambayo wataalamu huyaita stratokumulasi, huonekana sana mbele ya pwani za California, za Peru na Chile, na za Angola na Namibia, mahali ambapo maji ya bahari ni baridi. Thamani yake haimo katika mvua, imo katika nuru. Bahari ni nyeusi, na nuru ya jua ikiiangukia, sehemu kubwa humezwa ikageuka joto. Wingu ni jeupe, na huweza kurudisha angani nusu ya nuru hiyo au zaidi. Tena, kwa kuwa mawingu haya hukaa chini, na joto lake halitofautiani sana na joto la bahari, hayazuii sana joto la dunia lisitoke. Kwa hiyo yanafanya kazi ya mwavuli, na dunia hupata baridi kwa sababu yake.

Jambo hili halikuwa na uzito katika hesabu za kwanza za hali ya hewa ya dunia. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walikadiria joto litakaloongezeka ikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi itakuwa maradufu. Hesabu yao ilikuwa hodari kwa wakati wake, na Manabe alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hata hivyo, mawingu ya hesabu hiyo yalikuwa matabaka bapa yasiyobadilika, mfano wa mikeka iliyotandikwa angani. Hapakuwa na njia nyingine, kwani kompyuta za siku zile zilikuwa na uwezo mdogo.

Mwaka 1979 kamati iliyoongozwa na Jule Charney ilitoa kauli kwamba ongezeko hilo lingekuwa kati ya nyuzi 1.5 na 4.5 za Selsiasi. Nafasi baina ya tarakimu hizo mbili ni pana, na mawingu yalikuwa miongoni mwa sababu zake. Miaka 10 baadaye, Robert Cess na wenziwe walilinganisha modeli 14, wakaona kuwa majibu yake yalipishana kwa karibu mara tatu, na kisa kikubwa kilikuwa mawingu. Mwaka huohuo wa 1989, Veerabhadran Ramanathan na wenziwe walitangaza vipimo vya setilaiti vya Aprili 1985. Mawingu ya dunia nzima yalirudisha angani kiasi cha wati 44.5 za nuru kwa kila mita ya mraba, na yalizuia wati 31.3 za joto lisitoke. Ziada ya baridi ilikuwa wati 13 na kitu. Basi ikadhihirika kwamba kosa dogo katika mawingu ni kosa kubwa katika dunia.

Kosa lenyewe lilikuwa na asili katika hesabu nyepesi. Modeli hugawa uso wa dunia katika miraba, na zamani mraba mmoja uliweza kuwa na upana wa mamia ya kilometa. Ndani ya mraba, maji yote ya wingu yalichukuliwa kuwa yametandazwa sawasawa. Lakini wingu la bahari halilingani: hapa ni zito, pale ni jepesi, na penginepo limetoboka. Tena nuru inayorudishwa haiongezeki kwa kadiri ya unene. Wingu jepesi likiongezewa maji kidogo huzidi weupe upesi, bali wingu zito, hata likiongezewa maji mengi, halibadiliki sana, maana limekwisha kuwa jeupe.

Mathalan, lichukuliwe wingu ambalo unene wake mbele ya nuru ni 20 kila mahali. Kwa kanuni nyepesi ya wataalamu, litarudisha asilimia 60 ya nuru. Sasa maji yaleyale yagawanywe kwa namna nyingine, nusu ya wingu iwe na unene wa 5 na nusu nyingine 35. Sehemu ya kwanza itarudisha asilimia 27, ya pili asilimia 72, na wastani wake ni kama asilimia 50. Maji hayakupungua hata tone, lakini mwavuli umepungua. Kwa ufupi, weupe wa wingu la wastani si wastani wa weupe wa mawingu.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika kisiwa cha San Nicolas, mbele ya pwani ya California, ambako mwaka 1987 wachunguzi walipima maji ya mawingu yaliyopita juu ya kisiwa. Robert Cahalan na wenziwe waliyatumia mapimo hayo, na mwaka 1994 walionyesha kuwa kulidhania wingu hilo kuwa bapa huzidisha weupe wake kwa kiasi cha asilimia 15. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa nyepesi, nayo ni kuupunguza unene kwa kuuzidisha na 0.7 kabla ya kuhesabu nuru. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kilichokuwa Reading nchini Uingereza, kiliitumia tarakimu hiyo katika modeli yake.

Lakini tarakimu moja haiwezi kuwa kipimo cha kila wingu. Lililo kweli San Nicolas mwezi wa Julai huenda lisiwe kweli mbele ya Namibia mwezi wa Septemba. Mwaka 2003 Robert Pincus, Howard Barker na Jean-Jacques Morcrette walitoa njia iliyofanana na kupiga kura. Modeli hubuni nguzo nyingi ndogo za wingu ndani ya mraba mmoja, nyingine nzito, nyingine nyepesi, nyingine tupu, na kila sehemu ya mionzi hupewa nguzo iliyochaguliwa kwa bahati. Kila jibu peke yake lina hitilafu, lakini hitilafu haziegemei upande mmoja, na zikikusanywa kwa muda hufutana. Kituo cha Ulaya kiliianza njia hiyo katika kazi zake za kila siku mwaka 2007.

Wakati huo lilifichuka jambo lililo zito kuliko hesabu yenyewe. Mwaka 2012 Christine Nam na wenziwe, wakitumia setilaiti, walionyesha kuwa modeli nyingi zilikuwa na mawingu ya chini machache mno katika nchi za joto, na hayo machache yalikuwa meupe kupita kiasi. Makosa mawili yalikuwa yamesimama yakiegemeana. Jumla ya nuru ilikaribia kuwa sawa, na anayetazama jumla tu asingeona ila. Hatari ni kwamba makosa yanayofutana leo hayana ahadi ya kufutana kesho. Dunia ikizidi joto na mawingu yakipungua, modeli yenye mawingu machache meupe mno itapoteza kivuli kwa kiasi kisicho cha haki.

Kazi haijafika mwisho, kwani nuru halisi hupita pia ubavuni mwa mawingu, na nguzo zilizosimama pekepeke haziwezi kuionyesha njia hiyo yote. Hata hivyo, historia hii fupi ina mafunzo yake. Jumla iliyo sahihi si shahidi wa kutosha wa hesabu iliyo sahihi. Watawala na wakulima huamua mambo mazito kwa kuzitegemea hesabu hizi, na haki yao ni kupewa jibu ambalo usahihi wake umetokana na ukweli wa sehemu zake, wala si bahati ya makosa kukutana.